Sauti Juu ya Mshono

Mwalimu wetu wa Kiingereza katika kidato cha pili aliliandika neno lile asubuhi moja, akaanzia ukingo wa kushoto wa ubao na kukaribia ule wa kulia, kisha akapangusa chaki mikononi na kutugeukia. Antidisestablishmentarianism. Alisema halina mpinzani kwa urefu. Yapo yanayolizidi, nilikuja kujua baadaye, lakini darasani siku ile hakuna aliyebisha. Kwa wiki nzima tulizunguka nalo. Tulikariri herufi zake 28 mojamoja, kama mzee anayevuta tasbihi, na aliyefika mwisho bila kukwama alipigiwa makofi. Maana yake hakuna aliyeiuliza. Hata leo nikilitaja mbele ya watu wa rika langu, hutabasamu na kuanza kutaja herufi.

Sasa kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu vya Kiswahili. Kazi hiyo imenizoesha kulishika neno kama fundi cherehani anavyoshika vazi alilotakiwa kulipunguza: haangalii rangi kwanza, huligeuza ndani nje na kutafuta mishono. Usiku mmoja nililirudia neno la mwalimu nikalifanya hivyo. Nililifumua.

Katikati kuna establish, tendo la kuweka kitu kikathibitika. Mbele yake imesimama dis-, inayotengua, na mbele ya hiyo anti-, inayopinga. Nyuma imefuata -ment, inayogeuza tendo kuwa jina. Halafu -arian, inayomtaja mtu wa msimamo fulani. Halafu -ism, inayotaja itikadi ya mtu huyo. Ncha zote mbili, anti na ism, ni za Kigiriki. Vya ndani ni vya Kilatini, na vingine vilipitia kwanza vinywani mwa Wafaransa. Hakuna kipande hata kimoja ambacho Waingereza walikuwa nacho tangu mwanzo kabla ya kuazima. Nikaendelea kuifumua establish yenyewe: establir ya Kifaransa cha kale, nyuma yake stabilire ya Kilatini, kuimarisha, nyuma yake stabilis, imara, na nyuma kabisa stare, kusimama. Chini ya kitambaa chote kile kuna sta, na kazi ya sta ni kusimama tu.

Historia yake ni ya watu waliogombana kwa dhati. Kanisa la England ni Kanisa rasmi la dola mpaka leo. Mfalme ndiye mkuu wake, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi. Hali hiyo ya Kanisa kuwekwa kwa sheria ndani ya dola ndiyo waliyoiita establishment. Nchini Ireland, ambako wengi walikuwa Wakatoliki, Kanisa rasmi lilikuwa la wachache, na wakulima wasiokanyaga makanisani mwake walitozwa zaka ya kulitunza. William Gladstone, akiwa mwanasiasa kijana, aliutetea mfungamano wa Kanisa na dola kwa kitabu kizima alichokichapisha mwaka 1838. Miaka 31 baadaye, akiwa waziri mkuu, ni yeye aliyeisukuma bungeni sheria ya 1869 iliyoliondoa Kanisa la Ireland katika nafasi yake ya kidola. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1871. Wales ilisubiri zaidi. Sheria yake ilipita mwaka 1914, vita ikaichelewesha, ikatekelezwa mwaka 1920. Wapo waliotaka Kanisa liondolewe, wakapatikana waliotaka lisiondolewe, na msimamo wa hao wa pili ndio uliorundikiwa vipande vile vyote.

Nilipoyajua hayo nililihurumia neno. Wahariri wa Merriam-Webster hawakuliingiza katika kamusi yao, kwa kuwa watu karibu hawalitumii kwa maana yake. Wanalitaja kama mfano wa neno refu, basi. Mabishano ya watu kuhusu Mungu, zaka na serikali yamegeuka kuwa kitu cha kupimwa kwa rula.

Hebu nilitafsiri hapa, kwa heshima yake: upinzani dhidi ya kuliondoa Kanisa pale liliposimikwa. Kitenzi hicho cha mwisho nimekichagua kwa makusudi. Waumini wanaotumia Kiswahili wana neno lao askofu anapokalishwa rasmi katika kiti chake. Husema amesimikwa. Nguzo husimikwa, mtambo husimikwa, chifu husimikwa, askofu husimikwa. Tazama familia ya kitenzi hicho ukilinganisha na jirani yake. Inama, inika, inua. Simama, simika, na nafasi ya tatu iko wazi, kwa maana sijasikia mtu akisema simua, ijapokuwa bandika ina bandua, anika ina anua, ezeka ina ezua, twika ina tua. Ndani ya simama na simika mna kitu kimoja kidogo, sim, kinachofanya kazi ileile ya sta. Warumi na Wabantu hawakuwahi kukaa baraza moja, lakini wote wawili walipotaka kusema kwamba cheo kimethibitika, walianzia miguuni.

Ile nafasi iliyo wazi inaonyesha pia namna lugha hizi mbili zinavyotengua jambo. Mwingereza huweka dis- mlangoni, kabla hujaingia. Mswahili huipenyeza -u- ndani ya kitenzi, kule karibu na mkia: funga, fungua. Kwa itikadi mambo yanapinduka. Katika ujamaa, ubepari, ukoloni, ile u ya mwanzo hutuarifu tangu pumzi ya kwanza kwamba tunapelekwa kwenye hali au itikadi, wakati -ism hungojewa mpaka neno lote limekwisha kupita.

Lakini kilichonikesheza usiku ule ni kingine. Mishono ya maana siyo mishono ya sauti.

Kamusi za Kiingereza huonyesha kwa vitone mahali ambapo neno linaweza kukatwa likifika mwisho wa mstari. La mwalimu wetu hukatwa hivi: an·ti·dis·es·tab·lish·men·tar·i·an·ism. Tazama pale es·tab. Kisu kimepita katikati ya sta, s ikabaki upande mmoja na ta upande wa pili. Kinywa chenyewe hakikati hapo. Kamusi za matamshi huweka alama ya mkazo kabla ya s, kwa sababu ulimi huziunganisha. Kilichounganishwa na ulimi kimetenganishwa na karatasi. Kisha sogea mpaka katikati ya neno. Kipande ni -ment, na kipande kingine ni -arian. Hiyo ndiyo mishono ya maana. Vitone vinasema men·tar. T imewaacha ndugu zake ikahamia nyumba ya jirani. Na hiyo silabi, tar, iliyoundwa kwa masalia ya kipande kimoja na mwanzo wa kingine, isiyo mzizi wala kiambishi, isiyo na maana yoyote ukiitoa peke yake, ndiyo iliyobebeshwa mkazo mkuu wa neno zima. Sauti inasimama kwa nguvu zote juu ya mshono.

Sababu yake inaeleweka ukifuata neno linavyokua. Katika establish mkazo uko kwenye tab, karibu na mzizi. Ongeza -ment, mkazo hautikisiki. Ongeza -arian, mambo yanageuka, maana kiambishi hiki hujivutia mkazo popote kinapopachikwa: parliament hutamkwa kwa nguvu mwanzoni, parliamentarian hutamkwa kwa nguvu pale tar. Ikija -ism, haidai kitu. Kwa hiyo mkazo umehama mara moja tu, ukaacha kivuli chake pale tab, mkazo wa pili ulio dhaifu kuliko mkuu. Irabu zilizokosa mkazo kabisa hufifia. E ya -ment na a ya -arian ile ya pili huishia kwenye mlio mmoja hafifu usio a wala e, mlio ambao Kiswahili hakina. Macho yanaona irabu mbili tofauti, sikio linapokea kitu kimoja.

Nilidhani nimeona udhaifu wa lugha ya watu. Nikachukua neno letu ili nijiridhishe, nikachukua waliosimamishwa, kwa kuwa nilikuwa bado naifikiria sim. Kwa maana, hukatwa hivi: wa, li, o, sim, am, ish, w, a. Wale, wakati uliopita, urejeshi, mzizi, hali ya mkao, kusababisha, kutendwa, irabu ya kufungia. Kwa sauti, hukatwa hivi: wa-li-o-si-ma-mi-shwa. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kawaida yetu, na silabi hiyo ni mi. Mi imetoka wapi? M ni ya -am-, i ni ya -ish-. Nayo iko juu ya mshono.

Nilisimama nikatembea chumbani. Nimetumia lugha hii maisha yangu yote, nimepata riziki kwayo, na sikuwahi kuona kwamba mizizi ya vitenzi vyetu vya asili huishia kwenye konsonanti na silabi zetu huishia kwenye irabu, hivyo kwamba viwili hivyo haviwezi kukutana karibu kamwe. Som-, pend-, lim-, fung-. Jaribu kutamka som- uache hapo. Mwenye Kiswahili akikusikia atangoja uendelee. Mzizi wetu huazima irabu ya kiambishi kinachofuata ndipo utoke kinywani, na ukishatoka umekwisha kuchanganyika nacho. Anayetaka kuuona ukiwa peke yake lazima auandike na kistari pembeni, kama nilivyofanya hapa, jambo ambalo hakuna bibi aliyepata kulifanya akimsimulia mjukuu hadithi.

Na mkazo wetu ni msafiri kuliko wao. Soma, mkazo uko mzizini. Somesha, umekwisha toka, uko kwenye me. Someshana, uko kwenye sha. Someshaneni, uko kwenye ne. Kila kinachoongezwa mkiani kinauvuta mbele hatua moja na mzizi unaachwa nyuma zaidi. Tofauti, na ndiyo tofauti ninayoipenda, ni kwamba unaoachwa haunyang'anywi kitu. O ya soma ni o ileile katika someshaneni, duara kamili, mdomo uleule. Askofu Edward Steere, aliyeeleza kanuni ya mkazo wetu katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa London mwaka 1870, katikati ya kupitishwa kwa sheria ile ya Ireland na kutekelezwa kwake, alihitaji maneno machache tu kuieleza. Ipo mikengeuko, na kila mtu anaijua bila kufundishwa. Barabara ya magari na barabara ya kusema sawasawa kabisa hutofautiana kwa mkazo tu; ya pili umerudi nyuma silabi moja. Ni michache mno kuiharibu kanuni.

Ninayasema haya kwa uchungu kidogo wa kazini. Kiingereza hakina kanuni fupi ya kukata neno, kwa hiyo watu wake waliifanyia kazi kubwa. Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika tasnifu nzima mwaka 1983 kuhusu namna kompyuta inavyoweza kukata maneno mwisho wa mstari, na katika jina la tasnifu hiyo aliyakata maneno yenyewe kwa vistari. Alikusanya ruwaza 4,447 za herufi, nazo zilipata takriban asilimia 89 ya mahali pa kukata palipokuwa katika kamusi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Kiswahili kingetosheka na sentensi moja: kata baada ya irabu, ukikumbuka m na n zinazosimama peke yake. Bado prufu zinanifikia na nyum-ba mwisho wa mstari mmoja, kitan-da mwisho wa mwingine, kwa sababu programu ya kupangia kurasa imeachwa ikate kwa mazoea ya Kiingereza. Mb ya nyumba haitengani. Nd ya kitanda haitengani. Nazizungushia wino mwekundu moja baada ya nyingine, na prufu inayofuata inakuja nazo tena.

Washairi wetu ndio wasiokosea. Mtu anayehesabu mizani kwa vidole hahitaji kuambiwa kwamba nyumba ina mbili, na mtu ina mbili, na nchi ina mbili. Usiku uleule, karibu alfajiri, nilijaribu kulivika neno la mwalimu nguo zetu ili nihesabu mizani yake: antidisestablishimentarianizimu. Nikaliimba polepole. A-nti-di-se-sta-bli-shi-me-nta-ri-a-ni-zi-mu. Mizani 14, mbili pungufu ya mshororo wa kawaida wa mizani 16. Ukwapi, nusu ya kwanza yenye mizani nane, ungejaa sawasawa na kuishia kwenye me, na utao ungeanza na nta. Kituo cha pumzi kingeangukia karibu kabisa na pale ambapo kamusi ya Kiingereza imeitenga men na tar. Na tazama silabi ya tano. Ni sta. Silabi zetu hazipendi kufungwa kwa s, kwa hiyo s iliyobaki upande wa kushoto wa kitone imerudishwa kwa mwenzake, kama tunavyosema sta katika staha na starehe. Kinywa cha Mswahili, ambacho hakikuulizwa lolote kuhusu Kanisa la Ireland, kimeurudisha mzizi wa Kilatini ukawa mzima.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria kila nikifika hapa. Mwaka 1955 msichana mweusi wa miaka 12 kutoka Baltimore alisimama mbele ya kamera za televisheni katika mchezo wa maswali wa Marekani, The $64,000 Question, akaliendeleza neno hili herufi kwa herufi bila kukosea, na kwa jibu hilo akafikia dola 8,000. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Mahakama Kuu ya nchi hiyo iamue kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Sisi darasani tulilikariri neno ili tupigiwe makofi. Yeye alilitamka mbele ya nchi ambayo sehemu yake kubwa haikutaka aketi dawati moja na watoto wao. Uzito wa herufi 28 haukuwa sawa kwake na kwetu, na sijioni nikiwa na haki ya kuulinganisha.

Ninachokiona ni kwamba aliulizwa herufi. Kiingereza humpima mtoto kwa majina ya herufi, kwa kuwa kusikia neno hakutoshi kujua linaandikwaje. Sisi tulianza kusoma kwa kuimba silabi, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo na darasa zima likiitikia, na aliyeweza kuimba aliweza kusoma. Ndiyo maana lile neno ubaoni lilitushinda kulishika isipokuwa kwa herufi. Hatukuwa tumepewa namna ya kuliimba.

Wiki iliyopita mpwa wangu, aliye darasa la tano, aliniona nimeliandika kwenye karatasi na vitone vyake, akaniomba nimtamkie. Nilimtamkia mara tatu kwa Kiingereza, taratibu. Shuleni kwao wanapiga makofi kuhesabu silabi, kwa hiyo aliweka kalamu chini na kuanza kupiga, akiinamisha kichwa kusikiliza. Alifika tar akapiga kwa nguvu zaidi bila kuambiwa. Mwisho akaniangalia.

"Kumi na mbili, mjomba."

Nikamwonyesha karatasi. Vitone kumi, vipande kumi na kimoja. Akavihesabu kwa kidole, akavirudia, akatikisa kichwa. Akapiga tena makofi kuanzia an ya mwisho: an, i, akasita, akafumba midomo, sauti ikapita puani peke yake, na viganja vikakutana.

"Hapo, mjomba," akasema. "Ni ile m ya mtu."